Asiye na Mizani Hupimiwa na Mwenzake

Kuna neno moja linalotembea katika nyumba zetu, Butembo na Beni, Lubero na Mutwanga. Kijana amalizapo masomo ya sekondari husema: "Baba, nataka kusoma kemia." Hapo baraza la ukoo huketi. Mjomba hukohoa, shangazi hutikisa kichwa, na baba hutoa hukumu: "Mwanangu, kemia haina chakula. Soma sheria, soma udaktari, soma uchumi." Kijana hutii. Na neno lile, kemia haina chakula, huendelea na safari yake mpaka nyumba ya pili.

Sisi twasema kwamba neno hilo ni uongo. Wala si uongo mdogo usiomdhuru mtu. Ni uongo unaotutoa fedha mifukoni kila siku ya soko, nasi twausifu kana kwamba ni hekima ya wazee. Leo tumekusudia kupigana nao, na twawaomba wasomaji watuvumilie mpaka mwisho.

GUNIA NA BEI YAKE

Tuanze na vitu tunavyovijua. Katika vilima vyetu vya Butembo na Lubero kuna mti wa kinkina. Uliletwa Kivu wakati wa Wabelgiji, na wakulima wetu wakauzoea. Mkulima hubandua gome, huanika juani, hulitia guniani na kumpelekea mchuuzi. Gunia huteremka Kasindi, huvuka Uganda, hufika Mombasa, na kutoka hapo hatuna habari nalo tena. Mengine yalielekea kusini, Bukavu, ambako kiwanda cha Pharmakina kilitoa kwinini katika magome kwa miaka mingi.

Upande wa Beni, katika nchi ya joto, kuna mpapai. Alfajiri mkulima huchanja tunda bichi kwa wembe, na utomvu mweupe kama maziwa hutiririka. Hukusanywa, hukaushwa, na kuitwa papaini. Nayo huenda nchi za mbali: hulainisha nyama, husafisha bia isiwe na ukungu, hutumika katika kutengeneza ngozi, na huingia katika dawa.

Sasa twauliza swali moja tu. Bei ya gunia hupangwa na nani? Msituambie "soko". Soko halina macho. Gome moja la kinkina laweza kuwa na kwinini 2 kwa mia, na gome la mti mwingine likawa na 10 kwa mia au kuzidi. Yote mawili yana rangi ya kahawia, yote mawili ni machungu, yote mawili hujaza gunia sawasawa. Macho hayaoni tofauti, na ulimi haujui hesabu. Anayejua ni yule mwenye maabara, naye yuko upande wa mnunuzi.

Papaini ni vile vile. Utomvu uliokaushwa kwa joto la polepole, la nyuzi 50 au 55, hubaki na nguvu zake. Ulioachwa juani hugeuka rangi, na nguvu hupungua. Uliokusanywa katika chombo cha chuma umekwisha haribika. Mnunuzi wa ng'ambo hupima nguvu hizo kabla ya kufungua mfuko wake. Lakini mkulima wa Beni hulipwa kwa kilo, aliyefanya kazi nzuri na aliyefanya kazi mbaya wakipata mamoja. Je, ile tofauti hukaa wapi? Hukaa kwa mwenye kupima.

Hatumshitaki mtu. Mnunuzi apimaye mali yake si mwizi. Afanya lifanywalo na kila mfanyabiashara mwenye akili. Tazameni wafanyabiashara wa dhahabu wa Butembo. Je, hununua dhahabu kwa kuitazama tu? Hasha! Huiweka juu ya mizani ndogo, huidondoshea asidi, huangalia kama ni safi au imechanganywa. Hiyo ni kemia, ndugu zangu. Tajiri yule yule anayesema kemia haina chakula hathubutu kununua dhahabu pasipo kemia. Kwa dhahabu ana macho manne, kwa gome la kinkina ni kipofu. Kwa nini?

MSHENGA ASIYECHOKA

Watu wengi wakisikia jina la kemia hufikiri moshi, sumu na mabomu. Yafaa tueleze kidogo wataalamu wa vyuo vikuu wanatafuta nini siku hizi. Sehemu kubwa ya kazi yao ni elimu ya vichocheo. Na kichocheo ni nini?

Kichocheo ni mshenga. Nyumba mbili zaweza kukaa jirani miaka mingi, zikitazamana bila kusema neno. Aja mshenga, huenda huku na huku, huondoa aibu, hupunguza ugumu, na harusi yafanyika. Harusi ikiisha, mshenga hubaki mshenga. Hakuolewa wala hakuoa. Kesho atakwenda kushughulikia harusi nyingine. Ndivyo kilivyo kichocheo: vitu viwili visivyopatana, au vinavyopatana polepole mno, huvileta pamoja upesi na kwa moto kidogo, nacho chenyewe hakiishi. Kwa hiyo kiasi kidogo tu hufanya kazi kubwa.

Mama zetu wamewajua washenga hawa tangu zamani. Mama afungaye nyama ngumu katika majani ya mpapai anatumia kichocheo. Ndiyo papaini ile ile, ambayo hukatakata nyuzi za nyama. Mama atiaye unga wa mtama katika maji ya ndizi ili yawe kasikisi anatumia vichocheo vitokavyo katika vitu vilivyo hai. Wataalamu huviita vimeng'enya. Kuna washenga wengine wa madini, kama platini iliyomo katika bomba la moshi la magari mapya, ambayo hupunguza sumu ya moshi. Na kuna washenga wa tatu, vitu vidogo visivyo na madini ndani yake, vingi vikitoka katika mimea. Kwa hao wa tatu tutazame vizuri, maana hapo ndipo gome letu linapoingia.

MKONO WA KULIA NA MKONO WA KUSHOTO

Tazameni mikono yenu. Inafanana, lakini kiatu cha mguu wa kulia hakiingii mguu wa kushoto, na mkono ni hivyo hivyo. Vitu vingi vilivyomo katika dawa vina sura mbili namna hii, ya kulia na ya kushoto. Mwili hupokea moja vizuri; ya pili haina faida, au hata hudhuru. Kutengeneza moja bila kutengeneza na ya pili ni kazi ngumu sana. Hutaka mshenga ajuaye kutofautisha kulia na kushoto.

Mshenga huyo amekuwa akitafutwa kwa miaka zaidi ya mia, na mara nyingi alipatikana katika gome la kinkina. Mwaka 1853 Louis Pasteur, Mfaransa, alitumia vitu vilivyotokana na gome hilo kutenganisha asidi ya kulia na ya kushoto. Mwaka 1912 Mjerumani Georg Bredig na mwenzake walitumia kwinini yenyewe kama kichocheo, wakaona kwamba sura moja ilizidi nyingine. Mwaka 1988 Barry Sharpless wa Marekani na wenzake walichukua kwinini iliyogeuzwa kidogo, na ndugu yake kwinidini, wakazitumia pamoja na madini ya osmi. Ya kwanza iliongoza kazi upande mmoja, ya pili upande wa pili. Mwaka 2001 Sharpless alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za namna hii. Na mwaka 2021 tuzo hiyo walipewa Benjamin List na David MacMillan kwa elimu ya vichocheo vidogo visivyo na madini. Na vile vitokavyo katika kinkina ni miongoni mwa vinavyotumika sana katika kazi hiyo duniani kote.

Mmesikia, wasomaji? Kile kinachopimwa kwa gramu katika chupa ndogo, katika maabara za Ulaya, Marekani na Japani, ni mtoto wa mti ule ule tunaoubandua Lubero na kuusukuma juu ya chukudu. Wenzetu wamepata tuzo kwa gome. Sisi tumepata maumivu ya mgongo.

KANISA LILIJUA GOME HILI KABLA YA VIWANDA

Wengine hufikiri kwamba mambo haya hayamhusu Mkristo. Basi na wakumbuke historia. Gome la kinkina lilitoka Peru, nalo liliingia Ulaya katika karne ya 17 kwa mikono ya Wajesuiti, hata likaitwa unga wa Wajesuiti. Kardinali Juan de Lugo alilifanyia majaribio Roma, akawagawia maskini waliokuwa wakiteswa na homa. Hakusema, "Mimi ni mtu wa teolojia, magome hayanihusu." Aliona watu wakifa, akatafuta kujua.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walitenga kwinini safi kutoka katika gome. Tangu siku hiyo mwenye mti na mwenye dawa hawakuwa tena mtu mmoja. Waholanzi walipanda kinkina Java, wakachagua miti yenye kwinini nyingi kwa kupima mti mmoja mmoja, wakawashinda wenye mti wa asili kule Amerika ya Kusini. Hawakuwa na ardhi bora kuliko ya Peru, bali walikuwa na mizani. Kufika miaka ya 1930 Java ilitoa zaidi ya tisa ya kumi za kwinini ya dunia. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, majeshi mengi yakabaki bila dawa, na mti wa kinkina katika Afrika ukawa mali ya thamani. Hiyo ndiyo historia ya mti uliosimama nyuma ya nyumba zetu.

MANENO YA WAPINZANI

Twajua watakayotujibu. Tuyasikilize moja moja, bila hasira.

Wa kwanza asema: "Kwinini imepitwa na wakati. Siku hizi malaria huponywa kwa dawa mpya." Ni kweli. Dawa zitokanazo na artemisinini zimechukua nafasi ya mbele, na sindano ya artesuneti imeishinda kwinini kwa wagonjwa mahututi. Lakini artemisinini ilitoka wapi? Ilitoka katika jani. Tu Youyou, mama wa Kichina, aliitoa katika mmea uliojulikana katika vitabu vya waganga wa zamani wa nchi yake, mwaka 1972, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Basi hoja ya ndugu huyu yatusaidia sisi. Mwenye kujua matumizi moja tu ya gome lake huanguka siku matumizi hayo yanapoanguka. Mkemia hulijua gome kwa matumizi mengi, na dawa ikikoma, kichocheo kinabaki.

Wa pili asema: "Hii ni elimu ya matajiri. Sisi ni watu wa vita na wakimbizi." Tumjibu kwa habari ya mtu mmoja. Omar Yaghi alizaliwa Amman, nchi ya Yordani, mwaka 1965, katika jamaa ya wakimbizi wa Palestina. Walikaa chumba kimoja pamoja na mifugo, pasipo maji ya bomba wala umeme. Mwaka 2025 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson. Wamefanya nini? Wameunganisha madini na vitu vingine vidogo, wakapata mawe mapya yenye vijitundu visivyohesabika, kama masega ya nyuki. Mengine huvuta maji kutoka katika hewa ya jangwani, mengine hunasa gesi mbaya, na mengine hutumika kama vichocheo. Mtoto wa wakimbizi! Hatusemi kwamba umaskini ni mwepesi. Twasema kwamba hauzuii akili.

Wa tatu asema: "Lakini hapa kuna vita." Hatuwezi kudharau neno hilo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamechinjwa mashambani mwao, na wengi wetu tumezika. Lakini tukumbuke pia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Baba Askofu Emmanuel Kataliko alikianzisha Butembo mwaka 1989, wakati Serikali ya Zaire ilikuwa ikidhoofika. Vita vya 1996 vikaja, vya 1998 vikaja, na chuo kimesimama. Kama tungalingoja amani kamili, tusingalikuwa na daktari hata mmoja aliyesomea Butembo.

Tena tukumbuke Ebola, tangu Agosti 1, 2018 hata Juni 25, 2020. Penye kila mlango paliwekwa ndoo ya maji ya klorini. Ya mikono yalikuwa na klorini sehemu 5 katika 10,000. Ya sakafu na vyombo yalizidi mara kumi. Ukiyapunguza, ugonjwa hupita; ukiyazidisha, ngozi huungua. Tofauti ya uzima na mauti ilikuwa kipimo. Lakini wengi wetu hatukujua kupima, na asiyejua kupima hana ila kuamini au kukataa. Ndiyo maana uvumi ulipata nafasi, na wauguzi wakapigwa mawe. Je, tungalikuwa na watoto wetu wenyewe wanaoeleza mambo haya katika kila mtaa, tungaliogopa namna ile?

Wa nne ndiye mzazi wetu wa mwanzo. Auliza: "Atafanya kazi wapi?" Naye twamwuliza: mwanasheria wa kumi katika mtaa mmoja atafanya kazi wapi? Nani apimaye kama kidonge kilichouzwa katika duka la dawa kina dawa ndani yake au ni chokaa? Nani apimaye maji ya visima vyetu, mafuta ya mawese, sabuni, kahawa na kakao zivukazo Kasindi? Kazi zimejaa tele. Kilichokosekana ni watu wa kuzifanya, na watu wa kuwalipa.

TUFANYE NINI?

Hatupendi makala yanayolalamika na kwenda kulala. Haya ndiyo tunayoyataka.

Kwanza, wazazi. Mtoto apendaye kemia aachwe asome kemia, wa kiume na wa kike vile vile. Msimfanye aone haya.

Pili, waalimu. Acheni kufundisha kemia kwa chaki peke yake. Nani alijifunza kupika sombe kwa kuitazama ubaoni? Mwanafunzi na ashike chupa, apime, akosee, apime tena. Twajua kwamba vyombo ni haba. Lakini limau, majivu, chumvi na utomvu wa papai havikosekani popote, na mengi hujifunzwa kwavyo.

Tatu, vyuo vikuu vya kwetu. Utafiti usianze na mambo yaliyo mbali, ili tu kitabu kipendeze mezani. Uanze na gome na utomvu. Kwinini ikiyeyushwa katika asidi hafifu na kumulikwa kwa taa isiyoonekana, kama ile wanayokagulia noti za dola, hung'aa rangi ya buluu. Huo ni mwanzo mzuri kwa mwanafunzi. Baadaye vyombo vya kupimia mwangaza vitampa hesabu kamili. Kila chuo na kiweke meza ya kupimia iliyo wazi kwa wakulima, mtu alete kipande cha gome lake na kuambiwa ukweli. Kutoka hapo waende kutenga kwinini safi, kisha kwinidini, kisha vichocheo vyenyewe. Ngazi hupandwa kidaraja kidaraja, lakini hupandwa na aliyeweka mguu kwenye daraja la chini.

Nne, wakulima. Jiungeni katika vyama, mpelekee meza hiyo mali yenu kabla ya kuiuza, na mpande tena kila mnapokata. Mchague mbegu za miti iliyopimwa, kama walivyofanya wale wa Java.

Tano, na hapa tunasema kwa sauti kubwa, ninyi wafanyabiashara wa Butembo. Sifa zenu twazijua. Mmejenga majumba ya ghorofa mahali ambapo Serikali haikujenga hata choo. Mmechangia barabara, makanisa na shule. Lakini mtu akiomba mchango wa jengo, hutoa, maana jengo huonekana na jina huandikwa ukutani. Akiomba mizani ya maabara, mnauliza, "Itazaa nini?" Itazaa bei! Gunia lenye cheti cha kipimo haliuzwi kama gunia bubu. Mnalipa ushuru, mnalipa malori, mnalipa vizuizi vya njiani visivyo na idadi. Lipeni na maarifa, ambayo ndiyo gharama peke yake inayorudi na faida.

Wasomaji wapenzi, Mwenyezi Mungu aliotesha katika nchi hii miti ambayo wataalamu wa dunia huitafuta. Hakuficha siri yake kwa kabila fulani. Aliweka siri ndani ya gome, na akili ndani ya mtoto. Atakayevikutanisha ndiye atakayekula. Basi baraza la ukoo likiketi tena, na mjomba akikohoa, mmoja wenu na asimame aseme: "Mwacheni akasome. Tumechoka kupimiwa."